Natoka Githurai alfajiri, nakaa kitini hadi jioni: mazoezi niyaweke wapi?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja Upper Hill, Nairobi, nina miaka 38 na watoto wawili. Naishi Githurai 45. Ili kukwepa msongamano wa Thika Road natoka nyumbani saa kumi na moja na robo alfajiri, nafika ofisini kabla ya saa moja, nakunywa chai na kuangalia simu hadi saa mbili tunapoanza kazi. Jioni natoka saa kumi na moja na kufika nyumbani karibu saa mbili usiku. Januari nililipia jimu mtaani kwetu, nikaenda wiki tatu nikaacha, kwa sababu nikifika nimechoka na watoto wananingoja. Kiuno kinaniuma nikikaa sana, na lifti ikiharibika nafika ghorofa ya tano nikihema. Nauliza: dakika kumi hapa kumi pale zinahesabika, au lazima nipate saa nzima mfululizo? Na nikifanya mazoezi Jumamosi pekee, yatafuta ubaya wa kukaa wiki nzima?
Mhasibu wa Githurai

JIBU: Nzuri, dadangu. Dakika kumi zinahesabika, na hata dakika tatu zinahesabika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulitaka kila kipande cha mazoezi kifike angalau dakika kumi. Ule wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Kinachotazamwa sasa ni jumla ya wiki: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa misuli mikubwa ya mwili siku mbili au zaidi. Ukitaka kujua kama mwendo wako ni wa wastani, jaribu kuongea. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umeingia kwenye makali. (Zile hatua 10,000 ambazo simu yako inakudai zilianza kama namba ya kuuzia kifaa cha kuhesabia hatua huko Japani mwaka 1965. Zisikunyime usingizi.)

Lakini kuna jambo umelitaja mwenyewe ukalipita. Unatafuta saa ya mazoezi nyumbani usiku, mahali isipokuwapo, ilhali unayo nyingine asubuhi, kati ya kufika kwako na saa mbili, ikiisha na chai na simu. Wafanyakazi wengi wa Nairobi wanayo. Msongamano unatutoa kitandani mapema, tunafika kazini kabla ya askari wa zamu ya usiku kuondoka, kisha tunakaa tukingoja saa ifike. Jioni mambo ni yale yale: sehemu ya kwanza ya safari, kutoka Upper Hill hadi mjini, gari huenda polepole kuliko mtu wa miguu. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia hana muda simwambii aamke mapema zaidi. Namwomba aniandikie safari yake, kituo kwa kituo. Kwa mtu anayeondoka kwake saa kumi na moja alfajiri, kumwongezea zoezi la saa kumi ni kumpunguzia usingizi, na usingizi nao ni afya.

Jimu ilikushinda kwa sababu ya mahali ilipo, si kwa sababu wewe ni mvivu. Zoezi linalongoja mwisho wa safari ya karibu saa tatu lina watoto, chakula cha jioni na uchovu wa kushindana nao. Liweke upande wa kazini, kabla ya gari au badala ya gari.

Kuhusu Jumamosi: inafaa kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu zaidi ya 63,000 wa Uingereza na Uskoti, na waliofikisha kiwango cha wiki kwa siku moja au mbili walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema kuliko wasiofanya kitu, karibu sawa na waliogawa mazoezi yao katika siku nyingi. Kwa hiyo kama kweli una Jumamosi tu, itumie, nenda msitu wa Karura na watoto. Ila kiuno chako hakingoji Jumamosi, na sukari ya damu hupanda kila baada ya mlo, siyo mara moja kwa wiki. Tena mtu aliyekaa siku tano akakimbia saa mbili siku ya sita ndiye ninayekutana naye Jumatatu akichechemea.

Kufuta ubaya wa kukaa ni hesabu kubwa zaidi. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliojumlisha takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Waliokaa saa nane au zaidi kwa siku hatari yao ya ziada ya kufa mapema iliondoka pale walipofanya dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku. Wewe, ukijumlisha kiti cha ofisi na kiti cha matatu, unafikisha saa kumi na mbili au zaidi. Sikutarajii ufikishe dakika 75 kila siku mwezi huu. Nakutajia namba hiyo ili uone kwamba kuna kazi mbili tofauti: moja ni kufanya mazoezi, nyingine ni kukatakata kukaa. Anayefanya moja hajamaliza nyingine.

Elimu hii ilianzia kwenye mabasi. Daktari Jeremy Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, watu wa kampuni moja na kipato kinachokaribiana. Dereva alikaa karibu zamu nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha makondakta wakipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na katika posta vilevile, waliotembeza barua walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani. Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alipekua vipimo vya sare zao akakuta madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni hata walipokuwa vijana, kwa hiyo si tofauti yote iliyoletwa na ngazi. Hata hivyo tafiti zilizofuata ziliendelea kuelekea upande ule ule. Makanga wako wa Githurai anayening'inia mlangoni yuko hatarini kwa njia zake, lakini si kwa kukaa.

Sababu yenyewe iko kwenye miguu. Misuli ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu ni miongoni mwa mikubwa zaidi mwilini. Inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kutegemea insulini nyingi, na husukuma damu irudi juu. Ukikaa, imezimwa. Ndiyo maana viatu vinabana jioni baada ya safari ndefu. Kusimama tu mezani hakuiwashi sana, kwa hiyo usimsumbue bosi wako akununulie meza ya kusimamia.

Sasa mpango. Jumanne na Alhamisi asubuhi, ukishafika, kabla ya chai, chukua dakika 25 za mazoezi ya nguvu. Tafuta kiti kisicho na magurudumu, kile cha chumba cha mikutano, ukiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, nyayo chini, mikono kifuani, simama bila kujisukuma kwa mikono. Kisha rudi chini ukihesabu moja, mbili, tatu, makalio yakiguse kiti kama yai. Hapo ndipo wengi hudanganya: hupanda vizuri halafu hujitupa, na sehemu kubwa ya faida imo katika kushuka polepole. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja, rudia hadi awamu tatu. Magoti yafuate upande wa vidole vya miguu, yasikutane katikati. Mara 12 zikiwa rahisi, beba begi la mgongoni lenye faili mbili tatu. Baada ya hapo weka mguu mmoja mbele kidogo ili ule wa nyuma ubebe mzigo zaidi.

Halafu pushapu za mezani: meza iliyoshikamana na ukuta, mikono ukingoni, mwili umenyooka toka kisigino hadi kichwa, kifua kiende mezani na kurudi. Kwa mgongo wa juu, nunua ukanda wa mpira wa mazoezi, ule unaovutika, uzungushe kwenye chuma cha ngazi, vuta viwiko nyuma hadi mafupa ya mabega yakaribiane. Hili ndilo dawa ya mabega yaliyojikunja kwenye kompyuta kuliko kukumbushwa "kaa wima" siku nzima. Mwisho tandika leso sakafuni, lala chali, kunja magoti, inua makalio juu ukae hapo sekunde mbili, ushuke. Katika yote, usibane pumzi, itoe unapotumia nguvu. Mazoezi haya hayaleti jasho la kukuhangaisha. Kitambaa chenye maji na blauzi ya kubadilisha vinatosha, na mwezi wa Julai hata hivyo ni vya ziada. Siku ya pili misuli itauma, pengine hata ya tatu. Hayo ni maumivu ya kuanza, huisha.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa panda ngazi hadi ghorofa ya tatu, kisha chukua lifti. Baada ya wiki mbili tatu panda zote. Kupanda ndiko kunakohemesha, kushuka ndiko kunakoacha mapaja yakiuma kesho yake, kwa hiyo mwanzoni shuka kwa lifti bila aibu.

Jioni vaa raba ofisini, teremka kwa miguu hadi Haile Selassie Avenue na uingie mjini. Ni kama nusu saa ya mwendo wa haraka. Siku ambayo mwili una nguvu, endelea hadi Ngara upandie gari huko. Ukifanya hivyo siku nne una dakika 120, na nauli ya kipande hicho imebaki mfukoni. Tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, hivyo ukiondoka saa kumi na moja na dakika tano una mwanga wa kutosha. Tembea palipo na watu, na saa hiyo ni wengi, simu ikiwa ndani ya begi na si masikioni. Siku ya kukesha kazini usitembee. Panda gari. Mvua za Aprili na Novemba zikizidi, rudia ngazi za ofisini kwa dakika kumi kabla ya kutoka.

Mchana, baada ya chakula, zunguka dakika kumi kabla hujarudi kitini. Kama ni chapati na maharagwe, ndiyo hasa unahitaji matembezi hayo. Siku tano ni dakika 50, na zikiongezwa kwenye zile za jioni umepita 150 bila kugusa usiku wa watoto wako. Katikati ya kazi simama kila nusu saa, hata kwa dakika mbili. Utafiti mmoja wa mwaka 2012, mdogo lakini uliofanywa kwa uangalifu, uliwapa watu wanene mapumziko ya kutembea dakika mbili kila dakika ishirini, na sukari yao baada ya mlo ikapanda kwa kiasi kidogo kuliko walipokaa mfululizo. Usitegemee kumbukumbu. Tumia kikombe kidogo cha maji badala ya chupa ya lita moja, kiu itakuinua.

Kiuno chako, kwa jinsi ulivyokieleza, kinafanana na maumivu ya kawaida ya kukaa muda mrefu, na hayo hupona kwa kusogea zaidi kuliko kwa kupumzika. Hakuna mkao mmoja sahihi wa saa nane. Badilisha mkao mara kwa mara. Ila ukihisi ganzi katikati ya mapaja, mguu ukikosa nguvu, ukishindwa kuzuia mkojo au haja, au maumivu yakikuamsha usiku pamoja na homa au kukonda bila sababu, usifanye zoezi lolote kati ya haya. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa unahema kwenye ngazi, pima presha na damu kabla ya kuanza, maana upungufu wa damu huwahemesha wanawake wengi ambao hudhani ni unene. Kifua kikibana ukipanda, au ukihisi kizunguzungu, simama hapo hapo na umwone daktari.

Najua pia kuna siku za mwezi ambazo mhasibu haonekani: tarehe 9 ya PAYE (kodi ya mishahara), tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na kufunga vitabu mwishoni. Wiki hizo acha matembezi ya jioni yakikushinda, lakini shika siku moja ya mazoezi ya nguvu na zile dakika kumi baada ya chakula. Nguvu iliyokwisha kujengwa hudumu wiki kadhaa kwa kipindi kimoja kwa wiki, mradi uzito usiupunguze. Begi libaki na faili zile zile.