Ni filamu au ni mtoto mwenyewe?

Dada, umeuliza kama mateke ambayo mwanao anamrushia mdogo wake yanatoka kwenye zile filamu za kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video hapo Makorora, Tanga. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alilipima hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto wa chekechea waliomwona mtu mzima akilitandika kwa nyundo lidoli la kupulizwa walilitandika vilevile, mpaka na maneno yake wakayarudia. Mwaka 1963 akaonyesha kuwa hata waliomwona kwenye filamu tu waliiga. Ila walipoona mpigaji anaadhibiwa, waliiga kidogo. Sasa fikiria kibandani: steringi anaua watu kumi, haulizwi, na DJ anayetafsiri anamshangilia juu!

Lakini kupiga lidoli si kuumiza mtu. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema kuwa, kwa upande wa gemu za video, zile za ukatili zina uhusiano mdogo na ukali wa kusukumana na kufokeana, ila ushahidi hautoshi kuzitwisha lawama za ukatili mkubwa. Kwa hiyo usimwangushie DJ mzigo wote (ingawa kuonyesha picha za damu mbele ya watoto wa darasa la tatu ni ujinga mtupu).

Mie ningeanza nyumbani. Akikosea anachapwa? Usiku analala saa ngapi? Na ukikaa naye mkaangalia pamoja, muulize yule aliyepigwa anajisikiaje. Mwanangu alinijibu, "Si anaigiza tu, mama."