Upepo wa bunduki ya kunyunyizia metali: upime ukiwa unatembea

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina karakana ndogo hapa Keko, Dar es Salaam. Tunafufua shafti za pampu zilizolika kwa kunyunyizia unga wa aloi ya nikeli. Bunduki yetu ni ya oksijeni na asetilini, ile yenye kofia ya upepo mbele. Asubuhi kazi hutoka vizuri. Ikifika saa nane mchana bunduki inaanza kutema mabonge, tabaka linakuwa na vitundu, na shafti mbili zimemenyuka zikiwa tayari kwenye mashine ya kukereza. Geji ya tenki inasoma bar 7, na regulata ya ukutani nimeiweka bar 3. Nikiongeza upepo hali inazidi kuwa mbaya. Kompresa hiyohiyo tunapigia mchanga, na jirani yangu wa matairi anajazia humohumo. Je, ninunue kompresa kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba fundi. Pesa ya kompresa usiitoe bado. Katika maelezo yako naona matatizo mawili tofauti yaliyokutana saa nane mchana, na yote mawili yanatibika kwa gharama ndogo zaidi. La kwanza ni kwamba hujui upepo kiasi gani unafika kwenye bunduki. La pili ni maji.

Tuanze na kazi ya upepo katika bunduki ya aina yako, kwa sababu mafundi wengi huudhani kuwa ni nguvu ya kuyeyushia. Kinachoyeyusha unga ni mwali wa oksijeni na asetilini, wenye joto la karibu nyuzi 3,100. Upepo unaotoka kwenye kofia unaubana mwali usitawanyike, unasukuma chembe zifike kwenye shafti kwa kasi, na unapoza nozeli na shafti yenyewe. Kwa hiyo kila unachoongeza kina bei: unapata kasi, unapoteza joto. Chembe inayokwenda mita 50 kwa sekunde inamaliza sentimita 15 za safari yake kwa sehemu 3 tu za elfu moja ya sekunde. Huo ndio muda wote ilio nao wa kuyeyuka. Ukizidisha upepo unaufupisha muda huo na kuupoza mwali kwa pamoja, na chembe inafika ikiwa ngumu katikati. Nyingine zinadunda na kuanguka chini, nyingine zinanasa bila kutandazika, na pembeni mwake panabaki vile vitundu unavyoviona.

Upepo ukipungua nako kuna hasara yake. Mwali unapanuka, nozeli inapata moto, unga unalainika kwenye mdomo wa nozeli na kujikusanya pale kidogo kidogo mpaka kipande kinabanduka na kurushwa kwenye kazi. Ndilo bonge lako. Sasa angalia: mabonge ni dalili ya upepo mdogo, vitundu vya chembe ngumu ni dalili ya upepo mwingi, na wewe unavipata vyote alasiri moja. Hiyo inaniambia upepo wako hautulii. Jirani akifungua mpira wa kujazia tairi la lori, upepo wako unashuka. Akifunga, unapanda ghafla. Wewe umeshaongeza regulata ili kufidia kule kushuka, kwa hiyo ukipanda unapitiliza. Ndiyo maana kuongeza hakukusaidii.

Kabla ya hapo lakini kuna jambo la geji. Ile bar 7 ya tenki haihusiani na bunduki, na hata bar 3 ya ukutani ni ya ukutani. Bunduki ikiwa imefungwa, presha ya ukutani na ya bunduki ni moja, kwa sababu hakuna kinachotembea. Ukifungua, mpira unaoleta upepo kwenye bunduki unaanza kula presha. Unakula kiasi gani? Hasara hupanda karibu kwa mraba wa mtiririko: ukipitisha upepo mara mbili, hasara ni mara nne. Na kipenyo cha ndani cha mpira kina nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtiririko uleule, kutoka mpira wa milimita 6 kwenda wa milimita 10 kunapunguza hasara zaidi ya mara 12. Mpira wa milimita 6 wenye urefu wa mita 15, ukipitisha lita 300 za hewa kwa dakika, unaweza kumeza karibu bar 2 njiani. Katika bar 3 zako, fikiria kinachobaki. Koplingi za haraka, yaani viungio vya mpira vya kuchomeka, zenye tundu dogo nazo zinakula, na mara nyingi ndizo zinazosahaulika.

Kwa hiyo nunua geji ndogo na kiungo cha T, uvifunge pale mpira unapoingia kwenye bunduki. Fungua upepo kama unavyofungua kazini, usome hapo. Namba hiyo ndiyo presha yako. Kama kitabu cha bunduki kinataka bar 3, yaani karibu PSI 44, ni bar 3 hapo, upepo ukiwa unatembea. Fanya hivyo asubuhi, kisha saa nane mchana, kisha jirani akiwa anajaza tairi. Nina hakika utashangaa.

Presha peke yake bado si kiasi cha upepo. Hewa inayotoka kwenye kitundu cha kofia kwa presha za namna hii huwa imefika kasi ya sauti kwenye kitundu chenyewe, na ikifika hapo mtiririko unafuata presha kamili, yaani ile ya geji ukijumlisha bar 1 ya anga. Kupandisha geji kutoka bar 2 hadi 3 ni kutoka 3 hadi 4 kwa presha kamili: umeongeza theluthi moja ya upepo, hata kama mkono wako unaona umeongeza nusu. Tundu nalo linabadilika. Kofia iliyolika au iliyozibuliwa kwa waya mgumu mpaka tundu la milimita 1.5 likawa 1.8 inapitisha asilimia 44 zaidi kwa presha ileile. Geji haitakuambia kitu. Usizibue kofia kwa msumari wala keekee. Tumia waya laini wa shaba, na tundu likishapoteza umbo badilisha kofia.

Ukiweza kupata mita ya mtiririko ya bomba la kioo lenye kielea, itakufaa sana, ila ifungwe sawasawa. Valvu ya sindano ya kurekebishia ikae baada ya mita, upande wa bunduki, ili ndani ya kioo presha ibaki ile iliyotoka kwenye regulata. Ukiiweka kabla ya mita, kila ukigusa valvu presha ndani ya kioo inabadilika na usomaji unakudanganya. Pia soma kioo kilipimiwa presha gani. Mita iliyopimwa kwa hewa ya kawaida ikitumika kwenye presha kamili ya bar 4, mtiririko halisi ni mara 2 ya kinachosomeka.

Sasa utulivu wa upepo. Mfumo wa ngazi mbili ndio ninaoupendekeza: regulata ya kwanza itoke kwenye tenki na kushusha hadi bar 5, mtungi mdogo wa akiba ukae karibu na sehemu ya kunyunyizia, kisha regulata ya pili ishushe hadi presha ya kazi. Kompresa inapowaka na kuzima, tenki likipanda na kushuka kati ya bar 6 na 8, regulata ya pili haitaona mabadiliko hayo. Weka pia valvu ya kuzuia kurudi kabla ya mtungi wa akiba, ili jirani asivute upepo wako. La uhakika kuliko yote ni kumtenga na laini yako kabisa wakati unanyunyizia. Zungumzeni, mpangiane saa.

Nikija kwenye maji, hapa ndipo Dar inapotusumbua kuliko mafundi wa Njombe. Katika nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa inayoingia kwenye kompresa imebeba takriban gramu 24 za maji. Ukiishindilia hadi bar 7, hewa hiyo inabaki na moja ya nane ya nafasi yake, na ikipoa kurudi nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 4 hivi. Gramu 20 zilizobaki zinageuka maji. Kompresa ya lita 500 kwa dakika ikifanya kazi saa nzima imekutengenezea zaidi ya nusu lita.

Asubuhi tenki ni la baridi, maji hayo yanadondoka humo na unayamwaga. Mchana kompresa imefanya kazi bila kupumzika, tenki limepata moto, labda nyuzi 60. Kwa joto hilo hewa inaweza kutoka na hadi gramu 16 za maji yakiwa bado mvuke, ikapita kwenye chujio la ukutani bila kuacha kitu, kisha ikapoa ndani ya mpira. Maji yanazaliwa baada ya chujio. Ndiyo sababu chujio lako linaweza kuonekana kavu na bunduki ikawa inatema matone.

Matone kwenye nozeli yanavuruga mwali, lakini mimi naogopa zaidi yale yanayopita kwenye mashine ya kupiga mchanga. Umesema unaitumia kompresa hiyohiyo. Tabaka la kunyunyizia hushika kwa kung'ang'ania mikwaruzo ya chuma kisafi. Ukipiga mchanga kwa upepo wenye maji na mafuta ya kompresa, unaisafisha shafti na kuipaka uchafu kwa pamoja. Haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye mashine ya kukereza, kisu kinapogusa na tabaka kutoka kama ganda. Nadhani shafti zako mbili ziliharibika pale, kabla hata hujawasha mwali. Jaribu hivi: shika kitambaa cheupe au kioo sentimita 30 mbele ya mpira, upulize kwa dakika 2, saa nane mchana hasa. Ukiona ukungu au doa la mafuta, usipige mchanga wala usinyunyizie mpaka ulitibu.

Tiba ni kuipoza hewa kabla ya chujio. Koili ya bomba la shaba yenye feni, ikae kati ya kompresa na tenki, ifuatiwe na kitenganisha maji. Bomba kuu liinamishwe kidogo kuelekea valvu ya kumwagia maji, na kila tawi litokee juu ya bomba, lisitokee chini. Karibu na bunduki weka chujio la mafuta na mtungi wa silika jeli, uikaushe jeli kila ikibadilika rangi. Kazi ikiongezeka nunua kikaushio cha jokofu, kinachoishusha hewa hadi karibu nyuzi 3. Hicho nitakuunga mkono ukinunue kabla ya kompresa. Unga wenyewe usiache mkebe wazi. Ukishashika unyevu, uutandaze kwenye sinia na kuukausha kwa nyuzi 80 hadi 100 kwa saa kadhaa.

Kuhusu kiasi sahihi cha upepo: anza na namba ya kitabu cha bunduki, kisha uiache kazi yenyewe iamue. Chukua vibao vitatu vya chuma vilivyopigwa mchanga sawasawa na kupashwa moto hadi nyuzi 100 hivi, vipimwe uzito. Nyunyizia kila kimoja gramu 100 za unga kwa umbali uleule na mwali uleule, ukibadilisha upepo tu: namba ya kitabu, chini kidogo, juu kidogo. Pima tena. Kile kilichobakiza unga mwingi zaidi kimekuonyesha upande wa kwenda. Kisha vikunje kwenye jiriwa, uangalie kipi kinamenyuka mapema. Uzito mkubwa wenye tabaka linalomenyuka usiuchague. Mizani ya dukani yenye usahihi wa gramu 1 inatosha.

Na usichukue ushauri wa wanaonyunyizia plastiki. Katika bunduki nyingi za unga wa naironi au polithini, upepo hupita kati ya mwali na unga ili plastiki isiungue, kwa hiyo wao wakiona moshi huongeza upepo na wanakuwa sahihi. Kwako ni kinyume.

Jambo moja sitaki ulifanye hata kwa dakika moja: upepo ukipungua, usiunganishe oksijeni kwenye laini ya upepo. Laini hiyo ina mafuta ya kompresa, na mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha yanalipuka. Asetilini nayo isivuke bar 1 kamwe. Kwa kuwa unga wako ni wa nikeli, na aloi nyingi za namna hiyo zina kromu, vijana wavae kinga ya kupumulia yenye chujio la chembe ndogo, na feni ivute vumbi kutoka mbele ya kazi. Kitambaa cha puani hakisaidii.

Ukimaliza vipimo niandikie presha ya kwenye bunduki asubuhi na alasiri upepo ukiwa unatembea, kipenyo cha ndani na urefu wa mpira, na uzito wa vibao vitatu. Kama bado kompresa itaonekana ndogo, kwa namba hizo tutajua ya lita ngapi.