Dereva amepigwa faini. Je, fidia yangu ndiyo imekwisha?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mwezi Machi nilikuwa abiria wa bodaboda hapa Morogoro, tukagongwa na daladala. Nimevunjika paja na nimewekewa chuma. Dereva wa daladala alikiri kosa mahakamani, akalipa faini, na polisi wameniambia kesi imekwisha. Kuna kijana alinifuata wodini. Anasema gari lile lina bima ndogo tu, kwa hiyo nimpe PF3 yangu (fomu ya polisi ya matibabu), nisaini karatasi yake, naye atanipatia milioni moja na nusu ndani ya wiki mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Usisaini. Hiyo PF3 nayo isitoke mikononi mwako. Anayeihitaji apewe nakala.

Kesi iliyokwisha ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Faini imekwenda serikalini, na wewe mle ulikuwa shahidi tu, tena ambaye hakuitwa kwa sababu mshtakiwa alikiri. Fidia yako ni shauri la madai, na hilo hata halijaanza. Kwa kukiri, dereva amekurahisishia kazi: chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishapita muda wa kukatiwa rufaa huchukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa lile. Kaombe nakala iliyothibitishwa ya hukumu hiyo, kisha ufuatilie polisi fomu zao za ajali, PF90 na PF115, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa magari.

Sasa hilo la "bima ndogo tu". Nalisikia kila wiki na bado linanikera. Bima ndogo ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya watu kama wewe! Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowaumiza barabarani. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa gari lake mwenyewe. Kwa bima ndogo, mwenye daladala hatanunuliwa hata taa iliyopasuka, lakini paja lako limo. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uone ni kampuni gani, na kama bima ilikuwa hai siku ya ajali.

Huyo kijana wa wodini, kishoka wako, anayajua haya yote, ndiyo maana ana haraka. Karatasi anayotaka usaini kwa kawaida huwa mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu inampa mamlaka ya kukuwakilisha. Ya chini, ambayo hukunjuliwa pale penye mstari wa sahihi tu, inasema umepokea "malipo kamili na ya mwisho" na huna dai lingine, la sasa wala la baadaye. Kampuni italipa kiasi usichokijua, naye atakuletea hicho alichokuahidi. Siku daktari akisema chuma kitolewe, au mguu umebaki mfupi, gharama ni zako.

Ndiyo maana sipendi madai ya majeraha yafungwe mgonjwa akiwa bado na magongo. Subiri daktari aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu. Huku ukisubiri, tunza risiti zote, hata za bajaji ya kwenda kliniki, na ushahidi wa kipato ulichokosa. Lakini usisubiri ukasahau: shauri la namna hii lina ukomo wa miaka 3, na kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya maandishi mapema, la sivyo itajitoa hata ukishinda. Barua ya madai inaweza kwenda hata leo.

Wanaojiita "mawakili wa bima" wamejaa kwenye mabenchi ya hospitali na nje ya vituo vya polisi. Muulize jina kamili, kisha ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiyeonekana humo si wakili, hata akivaa tai. Na wazee wa familia wanaohimiza "yamalizwe kindugu" kwa laki tatu mbele ya kituo, nao waandikishe basi kwamba hizo ni za matibabu ya awali tu.

Kwa aliyekwisha kusaini: tafuta nakala uisome neno kwa neno. Nyingine huwa zinahusu matengenezo ya pikipiki peke yake, na madai ya majeraha ya mwili bado yapo palepale.