Mpaka ukifungwa, utakuwa upande gani?

Kila ukitangazwa mlipuko wa ugonjwa, wadogo zetu wenye barua za udahili wa vyuo vya nje hunitafuta: dada, niende au niahirishe? Wanajua nilikuwa nasoma udaktari China Korona ilipoanza. Wazazi wao huulizia vifo. Mimi huwarudisha kwenye habari ya mipaka, kwa sababu ndiyo iliyotuvuruga wengi wetu kuliko virusi vyenyewe.

Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, wakati wa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Baadhi yetu tulikuwa tumeshakuja nyumbani kusalimia na begi dogo tu, vitabu na nguo zimebaki bwenini. Tarehe 28 Machi China ikawazuia hata wageni wenye viza na vibali vya ukaazi vilivyo hai. Wengi wetu mlango ulikuja kufunguliwa Agosti 2022.

Muda wote huo tulisoma kwa intaneti. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo kipindi chao cha saa mbili asubuhi Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Umekaa sebuleni gizani, sauti umeipunguza wenzio wasiamke, bando linakwisha, na mwalimu anaonyesha picha ya tumbo la mgonjwa ambalo ulitakiwa ulipapase mwenyewe. Ada chuoni kwetu haikupungua hata senti. Waliobaki kule nao walionja yao. Aprili 2020, Guangzhou, kuna Waafrika waliotolewa vyumbani wakalala nje. Lakini wenzetu waliovumilia bwenini, hata geti wasilivuke, walianza mafunzo ya wodini kabla yetu.

Kwa hiyo kama kozi yako ni ya mikono, udaktari, uuguzi au uhandisi wa karakana, mimi nasema ahirisha. Omba chuo kikupe kwa maandishi kwamba nafasi yako inasogezwa mwaka mmoja, na usidhani ufadhili unasogea nao. Wakala atakwambia nafasi itapotea. Wakala analipwa ukisafiri. Ukishawishiwa kuanza kwa mtandao, nenda kwanza TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, na kwenye baraza la taaluma yako uulize kama masomo hayo watayatambua. Uchumi, hisabati au kompyuta sina ubishi nayo, mradi ada ipunguzwe.

Aliyeshafika huko namwambia atulie. Tarehe 6 Julai 2020 Marekani ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni ambao masomo yao yote ni ya mtandaoni waondoke. Tarehe 14 ikaufuta uamuzi huo. Aliyekimbilia uwanja wa ndege katikati ya wiki ile angesikia habari njema akiwa kwao, hana pa kurudia.

Halafu kuna pesa, ambazo wazazi huzihesabu kwa hali ya kawaida: ada, nauli, chumba. Agosti 2021 Kenya na Tanzania zilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ya nchi ambazo waliotoka huko walilazimishwa karantini ya hotelini, na mtu mzima aliyesafiri peke yake alilipia hoteli hiyo pauni 2,285 kabla hajaliona darasa. Mimi huwaambia watenge nauli ya kurudi ghafla na kodi ya miezi mitatu, visiguswe. Familia isipoweza kuvitenga, kijana asubiri, hata kama kozi yake ni ya vitabu vitupu.