Gari la kwenda Liwale: barua kwa mwanangu

Marahaba, mwanangu Shafii.

Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Umehamishiwa Liwale, mkoani Lindi, una milioni 18 mkononi, na umeona magari matatu: RAV4 ya 2003 namba D, Forester ya 2004 namba D, na X-Trail ya 2008 namba E. Unauliza uchukue lipi, ila naona moyo umeshaegemea X-Trail kwa sababu ya namba.

Hiyo namba iweke pembeni kwanza. Herufi inakwambia gari limesajiliwa lini hapa Tanzania, basi. Haikwambii limetengenezwa mwaka gani wala limetunzwaje. X-Trail ya 2008 yenye namba E imetembea zaidi ya miaka kumi kwa watu wengine kabla ya kupata kibao chetu. Madalali wanaipandisha bei namba kwa kuwa wanunuzi ndiyo wanayoiuliza. Wewe uliza namba ya chasisi. Kwenye RAV4 ya umri huo ipo kwenye kibati ndani ya boneti: ikianza na ACA21 ni injini ya 2.0 inayovuta miguu yote minne, ikianza na ZCA26 ni ya 1.8 inayovuta mbele tu. Kwenye X-Trail hiyo, NT31 inavuta miguu yote, T31 tupu ni ya mbele. Dalali anaweza kukubandikia maandishi ya 4WD mlangoni, lakini chasisi haibandikwi.

Kwa mtu wa Liwale swali la kwanza ni hili: gari likikufia kati ya Nachingwea na Liwale, nani atalitengeneza, na spea itatoka wapi? Hapa dukani kwetu, tunakouza spea, tunajua kipi kinapatikana Mtwara siku hiyohiyo na kipi kinaagizwa Dar es Salaam kikaja na basi. Bushi, boljointi, tairodi, brekpedi na beringi za RAV4 za 2000 hadi 2005 si za kutafuta kwa tochi, na mafundi wengi wameshazifungua. Forester ina mafundi wachache ila wanaojua wanajua. X-Trail ya T31 ina injini nzuri tu, MR20, tatizo langu ni giaboksi.

Giaboksi yake ni CVT. Haina gia za kawaida, ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kazi yote inategemea oili yake maalumu, Nissan NS-2. Fundi asiyejua akitia ATF, oili ya otomatiki za kawaida, mkanda unaanza kuteleza na kula puli. Na hata oili ikiwa sahihi, CVT haipendi joto. Ukiwa kwenye tope au mchanga mzito, unakwenda polepole huku injini inanguruma, oili inachemka, na gari linajilinda kwa kupunguza nguvu. Unakanyaga, haliendi. Hiyo ndiyo safari yako ya masika. Kama ingekuwa X-Trail ya zamani, NT30 yenye otomatiki ya gia nne, ningekuwa na maneno mengine.

Forester hiyo, toleo la SG5, ina mwendo mzuri kwenye utelezi na nisingekukataza. Ila injini yake EJ20 inatumia mkanda wa taimingi, unaobadilishwa kila kilomita 100,000 pamoja na roli zake, tenshona na pampu ya maji. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Muuzaji akikwambia "umebadilishwa", mwambie akuonyeshe risiti ya mkanda na tarehe. Hakuna risiti, hesabu haujabadilishwa na upunguze bei kwa kazi hiyo. Sikiliza pia beringi za miguu ya nyuma, zinavuma zikianza kufa.

Kwa hiyo kwangu RAV4 ni ya kwanza, lakini si RAV4 yoyote. Ile ya 2.0 ina injini ya 1AZ-FSE, wanayoiita D-4. Taimingi yake ni cheni, hilo ni jema. Mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hayapiti juu ya valvu za kuingizia hewa kuziosha, na masizi yanaganda hapo na kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Dalili yake ni mzunguko wa injini unaopanda na kushuka gari likiwa limesimama, na kuwaka kwa shida asubuhi. Kusafisha kunawezekana. Pampu yake ya presha kubwa ndiyo ghali, na inauawa na mafuta machafu. Ukiwa Liwale jaza kituoni, epuka mafuta ya kwenye madumu.

Kitu kikubwa zaidi kwenye injini za ukoo huo wa AZ ni bolti za silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, zile za nyuma upande wa dashibodi. Bloku ni ya aluminiamu, nyuzi zinazoshika bolti zinalegea, hedi inanyanyuka kidogo, na kulanti, yale maji ya rangi ya kupoza injini, inavuja nyuma ambako huoni ukisimama mbele. Chukua tochi na kioo kidogo cha kujitazamia, uingize nyuma ya injini uangalie mstari ambapo hedi inakutana na bloku. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi au mweupe uliokauka, ondoka. Kubadilisha gasketi peke yake hakutibu, lazima bloku itobolewe iwekwe nyuzi mpya za chuma, na si kila gereji inaweza.

Siku ya kwenda kulikagua, mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kaa usubiri lipoe au rudi kesho, kwa sababu makosa mengi ya injini yanaonekana asubuhi likiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi tu. Unataka kuona kulanti yenye rangi safi. Maji ya kahawia yana maana limeendeshwa na maji ya bomba au kisima, na maji yetu ya pwani yenye chumvi na chokaa yanaziba rejeta. Fungua kifuniko cha oili: ute kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, mtu ameing'oa ili usione.

Kisha washa AC, gari likiwa limesimama, na utazame mshale wa joto. Unatakiwa ufike karibu na katikati baada ya dakika kumi hivi na ubaki hapo, feni zikiwaka na kuzima. Mshale unaokaa chini muda wote usikufurahishe. Mara nyingi fundi ametoa themostati, kile kizibo kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, ili kuficha gari linalochemsha, na matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inamwaga mafuta zaidi, na wewe unashangaa tangi linaisha mapema.

Sasa lala chini. Hapa kwetu pwani ndipo magari yanapofia, na wanunuzi hawainami. Upepo wa bahari wa Mtwara, Mikindani na Lindi unakula chuma, na magari mengine yametoka Japani yakiwa tayari yameliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye kizingiti cha mlango, kwenye mikono ya nyuma inaposhikana na bodi, na kwenye mabomba ya breki. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na vumbi jekundu linadondoka. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini yote iogope kuliko kutu unayoiona.

Na kuna kitu cha huku kusini ambacho mkaguzi wa Dar hawezi kukifikiria: salfa ya mikorosho. Magari mengi ya huku yamebeba mifuko ya salfa kila msimu wa kupuliza. Unga unavuja, unaingia chini ya kapeti la buti, ukikutana na unyevu unatafuna bati kutoka ndani. Nyanyua kapeti. Tazama mishono ya bati, mashimo ya maji yenye vizibo vya mpira, na nati za mkanda wa kiti cha nyuma. Ukikuta unga wa njano umejikusanya pembeni mwa mshono, kwangua kwa kucha. Chini yake bati likiwa na vishimo vyeusi, kuoza kumeshaanza. Kwenye Forester na X-Trail nyanyua na tairi la akiba, liko kwenye shimo la buti na salfa inapenda kutulia hapo. Kwenye RAV4 tairi liko mlango wa nyuma, kwa hiyo shika mlango huo ukiwa wazi uupandishe kwa mikono: ukicheza, bawaba zimechoka na mlango utakuwa unagonga kila shimo.

Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi, usizitegemee. Linganisha na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Vibandiko vya Kijapani vya kubadilisha oili, mlangoni au ndani ya boneti, huwa vina kilomita zimeandikwa. Kama kuna karatasi ya mnada ya Japani, afadhali zaidi.

Barabarani, kata usukani mpaka mwisho uzunguke polepole kulia, kisha kushoto, mahali pa lami. Kelele ya ta-ta-ta ni sivi jointi, viungo vya ekseli vinavyozungusha magurudumu. Gari likijivuta kama limeshikwa breki, mgawanyo wa nguvu mbele na nyuma umeharibika, au matairi hayalingani. Magari haya yanataka matairi manne ya saizi moja na uchakavu mmoja, la sivyo mfumo unafanya kazi bila kupumzika mpaka unaungua. Soma tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Otomatiki ibadilishe gia bila kushtua, ikiwa baridi na ikiwa moto. Ukiweza kulipeleka Masasi ukapanda nalo Newala, hakuna kipimo kizuri kama ule mlima: joto, gia na nguvu vyote vinajieleza hapo. Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji, na umlipe wewe mwenyewe kabla ya kuanza kazi.

Makaratasi ni mafupi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, namba ya chasisi ya kadi ilingane na ya kwenye gari, deni la trafiki litazamwe kwa namba ya gari, mkataba uandikwe kwa wakili, na hela iingie benki kwa jina lililo kwenye kadi, si kwa dalali. Uhamisho wa umiliki TRA ufanyike mara moja. Bima ndogo inatosha kisheria, lakini kwa barabara hiyo mimi ningekata bima kubwa mwaka wa kwanza.

Katika hizo milioni 18, gari lisizidi 15 na nusu. Zinazobaki ni za kulianza upya, hata muuzaji akiapa amefanya sevisi juzi. Oili ya injini 5W-30, RAV4 hiyo inachukua lita 4 na kidogo pamoja na filta, nunua dumu la lita 5. Oili ya giaboksi ni Toyota T-IV: ukifungua nati zinatoka karibu lita 4 tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo badilisha, tembea wiki chache, badilisha tena. Usikubali kusukumwa yote kwa mashine kwenye giaboksi ya zamani. Difu ya nyuma na transfa, inayogawa nguvu mbele na nyuma, kila moja ina oili yake ya GL-5, isiyofika lita moja, na mafundi wengi wanaisahau kabisa. Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yale ya betri. Filta ya hewa uipulize kila wiki kiangazi, vumbi la njia hiyo halina huruma. Baada ya hapo ndiyo bushi na shokapu, na ukibadilisha shokapu badilisha mbili mbili.

Beba jeki, kipande cha ubao wa kuiwekea chini, kamba ya kuvutia, na pampu ndogo inayochomekwa kwenye gari. Ukikuta mchanga mzito shusha upepo wa matairi mpaka PSI 18 hivi, ukitoka urudishe kwenye kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva kabla ya kukimbia.

Na usikimbilie kununua wakati huu minada ya korosho inaendelea. Hela zikiwa mtaani, muuzaji hashuki bei. Kama hiyo RAV4 itakuwepo Februari, utaongea vizuri zaidi. Kwa sasa nipigie picha kibati cha chasisi, nyuma ya injini pale nilipokwambia, na chini ya kapeti la buti. Nikiona ni ACA21 na pako pakavu, nitakuwekea filta, T-IV lita 8 na bushi za mbele, uvikute Mtwara ukija.

Mama yako.