Je, Klabu Kudai Fidia ya Kumfunza Mchezaji Kijana ni Kumuuza Mtu Huru?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh wetu. Ninaishi Ufaransa na familia yangu. Mwanangu amelelewa kisoka na klabu moja ya hapa tangu akiwa na miaka 13. Mkataba wake wa mafunzo unakaribia kwisha. Klabu hiyo imemwandikia mkataba wa kulipwa, lakini yeye anataka kwenda timu ya Ujerumani, na sasa wanadai fidia. Je, fidia hii si bei ya mtu huru? Na je, mwanangu ana deni mbele ya Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Hofu yako ina asili, ndugu yangu, kwani katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na al-Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha asimpe ujira wake. Wengi hulishika lile la kwanza wakalisahau hili la pili, ilhali makocha, matabibu na chakula cha miaka yote hiyo vimegharimu mali ya watu.

Basi kinachotazamwa si jina la malipo bali kipimo chake: yakipimwa kwa gharama ya malezi, ni haki ya aliyelea; yakipimwa kwa thamani ya kijana mwenyewe, au yakiwa kizuizi cha kumfunga asiondoke, hapo tumekaribia lililokatazwa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilifika karibu na kipimo hiki katika kesi ya Olivier Bernard. Kijana huyo alianza mkataba wa mafunzo wa miaka 3 na Olympique Lyonnais mwaka 1997, akakataa mkataba wa kulipwa alioandaliwa, kisha mwaka 2000 akajiunga na Newcastle United ya Uingereza. Lyon waliwadai yeye na klabu yake mpya kiasi kilicholingana na mshahara wa mwaka mmoja ambao angeupata kwao. Tarehe 16 Machi 2010 mahakama ilisema kwamba fidia ya mafunzo haipingani na uhuru wa mfanyakazi kuhamia nchi nyingine ya Umoja, maadamu inalenga kuhimiza klabu kufunza vijana na inazingatia gharama halisi; bali kumdai mchezaji hasara isiyohusiana na gharama hizo kumevuka mpaka.

Mahakama ilikubali pia kwamba gharama hizo zihesabiwe pamoja na za vijana ambao hawakufika popote. Nakiri kwamba hapa nilisita, kwa kuwa mtu habebeshwi mzigo wa mwenziwe. Lakini wanazuoni wana kanuni kwamba faida humfuata mwenye kubeba dhamana, na klabu inayofunza wengi ndiyo inayobeba hasara ya wanaoshindwa, huku ile inayomchukua aliyefaulu haijabeba chochote.

Ama mwanao, yeye si mdaiwa. Kwa kanuni za FIFA, mlipaji wa fidia ya mafunzo ni klabu mpya, na ndani ya Umoja wa Ulaya klabu ya zamani kwa kawaida hutakiwa iwe imempa mchezaji mkataba kwa maandishi angalau siku 60 kabla ya ule wa sasa kwisha, usiopungua thamani ya huo wa sasa. Linalomlazimu ni kuutimiza mkataba mpaka siku yake ya mwisho, kwa amri ya Qur'ani ya kutimiza ahadi, hasa kwa kuwa wewe ndiwe uliyetia saini kama walii wake. Baada ya hapo, kuajiriwa ni kwa kuridhiana, na hakuna awezaye kumlazimisha.

Wakikuletea karatasi inayomtaka yeye mwenyewe alipe, usiisaini kabla ya kumwonyesha wakili. Na aende kuwaaga makocha wake kwa shukrani, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Wallahu a'lam.