Mtoto Aliyeapa Kusema Kweli

Swali lenu la wiki hii: mtoto akisimulia riwaya ya imani na miujiza, sisi watu wazima tuna sababu gani ya kumsadiki? Nitajibu kwa riwaya moja niipendayo mno, Peace Like a River ya Leif Enger, iliyotoka Marekani mwaka 2001.

Msimulizi ni Reuben Land, mvulana wa miaka 11 huko Minnesota, mwanzoni mwa miaka ya 1960. (Anasimulia akiwa mtu mzima, ila macho ni ya yule mtoto.) Alizaliwa hapumui. Zikapita dakika 12, ndipo baba yake, Jeremiah, akamwamuru kwa jina la Mungu avute pumzi, akavuta. Lakini pumu haikumwacha.

Sasa tazama tukio la kwenye bwalo la shule, ambako Jeremiah anafanya kazi ya usafi. Mkuu wake, mtu mwenye uso uliojaa vidonda, anamfukuza kazi hadharani mbele ya wanafunzi. Jeremiah habishi. Ananyoosha mkono, anamgusa uso, na ngozi ile inapona. Reuben anaona yote, na badala ya kumshukuru Mungu anaghadhibika: huyu dhalimu apone, na yeye mwana wa kumzaa aendelee kuhangaikia pumzi? Wivu huo ndio ulioniteka. Anayebuni muujiza ili atuvute kwenye dini hauweki pale unapomchoma mwenyewe.

Kisha kuna mahakama. Kaka yake, Davy, amewaua kwa risasi vijana wawili waliovamia nyumba yao usiku. Reuben anapanda kizimbani kwa shauku ya kumwokoa, lakini akibanwa kwa maswali anasema aliyoyasikia, na maneno yake yanamponza kaka yake. Mtoto wa namna hiyo akiniambia alimwona baba yake akisali huku akitembea hewani, nitamkatalia kwa lipi?

Tena miujiza yenyewe haiipi familia hii raha. Mama alikwishaondoka zamani. Davy anatoroka jela, na sala zote za baba hazimrudishi nyumbani kuwa kijana yule wa awali. Swede, binti mdogo, anatunga shairi refu la wapanda farasi wa Magharibi ya Marekani na hawezi kumuua mhalifu aliyemo katika shairi hilo, hata ajaribu vipi. Jeremiah anapiga magoti usiku, watoto wanamsikia, na asubuhi safari ya kumtafuta Davy inaendelea.